Wazimamoto na Damu ya Watu wa Mjini

Mwezi wa Juni mwaka 1947 umati wa watu ulikishambulia kituo cha zimamoto cha Mombasa. Ilikuwa imevuma mjini kwamba nyuma ya milango ile mikubwa watu wanafungiwa na kutolewa damu. Gazeti la East African Standard liliiandika habari hiyo Juni 27, kichwa chake kikitaja hadithi ya wanyonya damu, kwa ile sauti ya magazeti ya walowezi yalipoandika mambo ya Waafrika: nusu mshangao, nusu kicheko.

Siku ile haieleweki bila kurudi nyuma miezi mitano. Januari 13 mwaka huohuo wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waliweka kazi chini. Makuli wa bandarini, watu wa reli, wahudumu wa hoteli, hata mpishi na mtumishi wa nyumba ya Mzungu, wote walibaki majumbani, na kwa siku kumi na mbili mji ulikuwa umesimama. Walikutana kwenye uwanja walioupa wenyewe jina la Kiwanja cha Maskini. Kutoka pale kikazaliwa chama cha wafanyakazi chini ya kijana aitwaye Chege Kibachia. Serikali ikamleta mwanasiasa Eliud Mathu kutoka Nairobi awasihi watu warudi kazini, ikaahidi malalamiko yao yatasikilizwa na jopo la Jaji Ransley Thacker, yuleyule ambaye miaka sita baadaye angemhukumu Jomo Kenyatta kule Kapenguria. Agosti Kibachia alikamatwa, akapelekwa kizuizini Kabarnet.

Wanahistoria wameandika mengi kuhusu mgomo ule. Ghasia za zimamoto, zilizotokea katikati ya mgomo na kukamatwa kwa kiongozi wake, hupewa mstari mmoja au hazipewi kitu. Naona hapo wametuibia nusu ya habari. Mji ulikuwa uleule na mwaka uleule, na swali lililosumbua watu lilikuwa moja: kazi ya mtu inakwenda wapi, na nani anashiba kwayo?

Kwa upande wa pwani, mumiani, yaani hao wanyonya damu, ni wazee kuliko zimamoto. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939 inaieleza mumiani kwanza kama dawa: kitu cheusi kama gundi, kinachosemekana kutoka Uajemi, cha kupaka penye mfupa uliovunjika au kunywa kikiyeyushwa katika samli. Halafu inaongeza kwamba wenyeji wengi huamini ni damu ya watu waliouawa, iliyogandishwa, na kwamba uvumi ukianza kuwa mumiani inatafutwa, watu wa mji hawatoki nje jua likishazama. Mtunga kamusi aliandika hayo kama mtu anayeeleza ujinga wa wengine. Hakutaja kwamba huko Ulaya, kwa karne kadhaa hadi ile ya 18, maduka ya dawa yaliuza unga wa maiti zilizokaushwa za Misri, na wagonjwa wa kizungu wakaunywa kwa amri ya daktari. Kwa hiyo Mswahili aliyesema wazungu wanatengeneza dawa kutokana na miili ya watu hakuwa ameota. Alikosea karne tu.

Mwaka 1923 gazeti la serikali la Mambo Leo lilianza kuchapishwa Dar es Salaam, na kabla mwaka huo haujaisha lilikwisha pata barua ya msomaji kuhusu mumiani. Mjadala ulikuwa tayari uko mtaani; gazeti lililetewa tu. Kuanzia hapo habari ilisafiri na reli, na malori, na watu waliotafuta kazi. Nairobi na Kampala wanyonya damu wakaitwa wazimamoto. Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, waliitwa banyama. Elisabethville, mji wa migodi ya shaba ambao sasa ni Lubumbashi, watu wa Kiswahili cha Katanga walisema batumbula, na huko ilisemekana mtu haishii kutolewa damu, hata nyama yake huliwa. Bara, Tanganyika, lilisikika pia jina la chinjachinja. Kila mji uliongeza lake, lakini ukizisoma simulizi hizo pamoja unashangaa jinsi zinavyokubaliana juu ya jambo moja: hawa watu ni idara.

Hapo ndipo mumiani wetu wanapoachana na wale wa sinema za Ulaya. Hakuna bwana mwenye kasri aliyekufa miaka mia tatu iliyopita, hakuna meno marefu, na anayekusanya damu hainywi. Ni kazi ya mshahara. Kuna Mzungu mmoja juu, ambaye haonekani sana, na chini yake Waafrika waliovaa sare, wenye zamu ya usiku na gari la kazi. Gari hilo halina madirisha, au lina mapazia, au linatembea bila taa. Wana ndoo, mipira ya kunyonyea, na dawa ya kulevya ya hospitali. Wana shimo ndani ya kituo, na huyo aliyetumbukia huko hulishwa ili damu iendelee kupatikana. Wana siri ya kazi pia: aliyeajiriwa haruhusiwi kumwambia hata mkewe. Askari wa zamani wa magharibi mwa Kenya, walipohojiwa uzeeni na mwanahistoria wa Marekani Luise White, walieleza mambo hayo kwa utulivu wa mtu anayesimulia ajira yake ya kwanza: jinsi ya kuchaguliwa, mafunzo, wakubwa kupanda vyeo, malipo. White alikusanya simulizi za namna hiyo Kenya na Uganda, akatoa kitabu mwaka 2000. Hoja yake ni kwamba kuuliza kama ni kweli au uongo ni kupoteza muda. Sikiliza wanachokieleza ndani ya hadithi.

Nakubaliana naye nusu. Wanachokieleza ni kazi za kikoloni, tena kwa usahihi unaotisha. Mwaka 1930 mtu angewezaje kuelewa zimamoto? Wanaume wenye nguvu wanalipwa kukaa tu, wakisubiri. Nyumba za wazungu na maghala ya Wahindi yana bomba la maji karibu. Mitaa ya Waafrika, yenye mabanda ya makuti na mabati, ndiyo inayoungua zaidi na ndiyo wanayoifikia mwisho, kama wakifika. Gari lao ni jekundu. Lina pampu na mipira mirefu. Linatoka usiku kwa kishindo na hakuna anayeambiwa linakwenda wapi. Isitoshe, mahali pengine watu walizungumza juu ya wazimamoto kabla hakujawa na gari la zimamoto hata moja. Jina lilitangulia, kituo kikafuata.

Tena damu yenyewe ilikuwa inachukuliwa kweli. Kando ya ziwa Victoria malale yaliua watu kwa malaki mwanzoni mwa karne ya 20, na timu za madaktari zilipita vijijini zikidunga, zikipima, zikiweka damu ya watu kwenye vioo na kuondoka nayo bila maelezo. Waliohojiwa na akina White hawakubuni bomba la sindano. Walilikuta.

Nusu nisiyokubaliana nayo ni hii: hadithi haikukaa mdomoni tu. Ilikuwa na mikono, na mikono hiyo iliwafikia watu wa karibu mara nyingi kuliko ilivyomfikia Mzungu aliye juu.

Chukua Pumwani. Kitongoji hicho cha Nairobi kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wa mjini wawekwe mahali pamoja wakaonekane, na vijiji vya zamani kama Pangani vibomolewe. Sehemu kubwa ya wenye nyumba pale walikuwa wanawake, wengi Waislamu, ambao walijenga au kununua kwa fedha walizozipata kwa kuuza chai, pombe, vyakula, na mapenzi. White alifika huko mwaka 1976 kutafiti historia ya umalaya, na wanawake wale, katikati ya habari za kodi na wateja, wakawa wanamletea wazimamoto. Akaona ni porojo. Ilimchukua muda kutambua kwamba walikuwa wakimjibu maswali yake yaleyale.

Maana katika Nairobi ya miaka ya 1930 kulikuwa na daraja. Malaya hasa alikaa chumbani mwake. Mteja alibisha hodi, akapewa chai, pengine akaogeshwa maji ya moto, akalipa kwa heshima. Watembezi walikwenda kutafuta wateja barabarani. Wazi-wazi walikaa nje ya milango yao na kutaja bei kwa sauti, na wenzao wakubwa hawakuwapenda kabisa. Sasa sikiliza hadithi: wazimamoto wanawakamata wanawake walioko nje usiku, wasio na mtu wa kuwauliza wako wapi. Mwenye chumba chake na mlango wake, majirani wanaomjua, huyo ana pa kujificha. Ilisemekana pia kuna choo cha watu wote River Road ambamo mtu akiingia hatoki. Mjini kuna mitego, na usalama ni kumiliki mlango. Bibi mwenye nyumba Pumwani aliyesimulia hivyo alikuwa anaeleza kwa nini alijenga, na papo hapo anamtazama kwa jicho baya msichana aliyekuja jana kutoka bara anayeharibu bei. Hadithi ileile ilimshtaki mkoloni na ikamsuta jirani.

Kampala ikatoa tukio ambalo mtunga riwaya angeona haya kulibuni. Mwaka 1958 mtu mmoja alikwenda kituo cha zimamoto akataka kuwauzia binadamu, bei shilingi 1,500. Alikuwa amesikia, kama kila mtu alivyosikia, kwamba pale wananunua. Wazimamoto wakawaita polisi. Februari 1959 gazeti la Uganda Argus likatangaza hukumu: miaka mitatu jela. Mahakama ilitaka iwe fundisho, na pia ijulikane kwamba zimamoto hawanunui watu.

Nimeifikiria sana kesi hiyo. Mtu yule hakuwa na kichaa. Alisikia kwamba kuna biashara, akafanya hesabu, akaleta bidhaa. Wote tunaojiuliza kama watu waliamini kweli hadithi za mumiani tunajibiwa na yeye: waliamini kiasi cha kutaka faida. Na aliyetakiwa kuuzwa alikuwa Mwafrika mwenzake. Serikali nayo ikamfunga mtu kwa kuamini jambo ambalo serikali yenyewe, kwa siri zake na mashimo yake ya polisi, ilikuwa imelikuza kwa miaka arobaini.

Mwaka huohuo wa 1959 Dar es Salaam ilikuwa inachemka. Uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika ulikuwa umefanyika kwa mafungu mawili, Septemba 1958 na Februari 1959, na chama cha TANU kikafagia. Uhuru ulikuwa unanukia. Buguruni, wakati huo mtaa wa pembeni wa watu wa kipato cha chini, kukazuka ghasia za mumiani dhidi ya polisi. Mtu angetegemea uvumi wa damu ufifie kadiri Mzungu anavyofunga mizigo. Ulikuwa mkali kuliko kawaida. Mwanahistoria James Brennan, aliyezichunguza ghasia hizo, ameonyesha kwamba hapo pana mlango kati ya mumiani na siasa, na huo mlango ndio unaonivutia kuliko yote.

Kwani viongozi wa TANU walipokuwa majukwaani walihitaji maneno. Neno la kitabuni la unyonyaji wa kiuchumi, kama walivyolisoma wasomi wachache huko Makerere au Edinburgh, lisingemwamsha mtu wa Kariakoo. Lakini kunyonya damu? Hilo kila mtu alilijua tangu utotoni. Bibi yake alimfungia ndani kwa ajili hiyo. Basi mkoloni akawa mnyonyaji. Baada ya uhuru, mkoloni alipoondoka, neno likabaki wazi likitafuta mtu, na likampata: bepari, kabaila, mwenye nyumba, mwenye duka. Kupe. Mwenye mirija. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilipowakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni au nyumba za kupangisha, lilitumia lugha ambayo haikuhitaji mfasiri mitaani. Siku iliyofuata mabenki yakataifishwa. Magazeti na mikutano ya miaka ile ilijaa kupe wanaopaswa kupukutishwa na mirija inayopaswa kukatwa.

Sisemi kwamba Rais Nyerere alikopa siasa yake ya ujamaa kwa mumiani. Ujamaa ulikuwa na mizizi yake, na kudai kwamba anayekula bila kufanya kazi anakula jasho la mwingine ni dai ambalo ningelitetea hata leo. Nasema msikilizaji alikuwa na masikio yaliyokwisha andaliwa. Alipoambiwa kuna kundi la watu wachache wanaonenepa kwa damu ya wengi, gizani, kwa siri, alijua picha hiyo inafananaje, na picha ilikuwa na sura za watu. Mjini Dar es Salaam sura hizo mara nyingi zilikuwa za Wahindi. Aprili 1971 serikali ilitwaa majengo yote ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Sheria haikutaja rangi ya mtu. Ila wengi wa waliopoteza nyumba zao za Upanga na katikati ya mji walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, baadhi yao matajiri wakubwa kweli, na baadhi yao wajane waliokuwa na ghorofa moja iliyojengwa kwa akiba ya familia nzima. Maelfu walihamia Uingereza na Canada. Kupe, kwa lugha ya wakati ule, hana ujane.

Wakati mji ukibadilisha mumiani kuwa siasa, bara waliendelea naye wa zamani. Mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio, Mmarekani William Arens alifika Mto wa Mbu, karibu na ziwa Manyara, kufanya utafiti wa anthropolojia. Akagundua kwamba wenyeji wanamwogopa. Walipomzoea walimweleza utaratibu. Mtu huleweshwa kwa dawa, hutundikwa kichwa chini, hukatwa mshipa wa shingo, damu hukingwa kwenye ndoo. Gari la zimamoto huipeleka hospitali ya mjini. Huko hutengenezwa vidonge vyekundu, ambavyo wazungu humeza mara kwa mara kwa sababu bila hivyo hawawezi kuishi Afrika. Nchi ilikuwa huru tangu 1961, Azimio limesomwa na kuimbwa, na bado zimamoto wako kazini. Arens alirudi kwao akaandika kitabu, mwaka 1979, akihoji kama kweli kuna kabila lolote ulimwenguni lililowahi kula watu kwa desturi, maana alichokisikia juu yake mwenyewe kilifanana mno na kile wazungu walichozoea kusema juu ya Waafrika.

Mpaka leo hadithi hii haijastaafu. Mwisho wa mwaka 2002, Malawi ikiwa katika njaa kali, ilivuma kwamba serikali imekubaliana na mashirika ya misaada kuwapa damu ya wananchi, nao walete chakula. Rais Bakili Muluzi akalazimika kukanusha hadharani kwamba serikali yake inanyonya damu ya watu wake. Kukanusha huko hakukusaidia: Januari 2003 mkuu wa chama tawala jijini Blantyre alipigwa mawe na watu waliomtuhumu kumficha mnyonya damu nyumbani kwake.

Uvumi ukarudi Septemba 2017, ukianzia Mulanje na Phalombe, wilaya za kusini zinazopakana na Msumbiji. Umoja wa Mataifa uliwaondoa wafanyakazi wake huko. Serikali ikatangaza amri ya kutotembea usiku, na Rais Peter Mutharika akazuru maeneo hayo kuwatuliza watu. Vijana waliweka vizuizi barabarani na kukagua magari wakitafuta vifaa vya kutolea damu. Magari ya wagonjwa yalikuwa miongoni mwa yaliyoshukiwa. Oktoba vurugu zikaingia Blantyre, mji wa biashara. Kule Chileka, nje kidogo ya jiji, kundi la watu lilimchoma moto kijana wa miaka 22 mwenye kifafa. Mwingine akauawa kwa mawe siku hiyohiyo. Hadi mwisho wa mwezi waliouawa nchini walifika tisa kwa uchache, na polisi wakawakamata watu zaidi ya 100. Hakuna aliyepatikana na damu ya mtu.